Kitufe kikigoma, oda hupotea bila habari
Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI anahitaji vifaranga 200 wa siku moja. Jirani yake amemweleza kuwa kuna mtotoleshaji mjini anayepokea oda kwa njia ya intaneti. Anafungua ukurasa kwenye simu yake ya mkononi, anaandika jina, namba ya simu, idadi ya vifaranga na siku anayotaka kuwapokea.

Chini ya fomu kuna kitufe kilichoandikwa "Tuma Oda". Kina rangi ya kijivu. Anakibonyeza, kimya. Anasubiri kidogo, anabonyeza tena, kimya. Mwishowe anafunga ukurasa na kumpigia simu muuzaji mwingine.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kilichomkuta mfugaji huyo ni jambo linalotokea kwenye tovuti nyingi, ndogo na kubwa.

Ubaya wake ni kwamba mwenye vifaranga hajui kama amepoteza mteja. Hakuna oda iliyomfikia, hakuna simu iliyopigwa, wala hakuna aliyekuja kulalamika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa hata daftari lenyewe halikupata nafasi ya kuandikwa.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaoagiza kutengenezewa tovuti wanapaswa kulielewa tatizo hili kabla ya kumlipa fundi. Chanzo chake mara nyingi ni kimoja: fomu imejengwa kwa kutegemea JavaScript peke yake.

JavaScript ni nini

Ukurasa wa intaneti huja kwa mafungu. Fungu la kwanza ni HTML, yaani maandishi yenyewe pamoja na visanduku vya kujaza, orodha za kuchagua na vitufe. Fungu jingine ni JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich alipokuwa katika kampuni ya Netscape ya Marekani. Aliitayarisha mara ya kwanza kwa siku 10 tu.

Kazi ya JavaScript ni kuufanya ukurasa uwe na uhai. Mteja akiandika mifuko mitano, jumla ya bei inabadilika hapo hapo. Akichagua mkoa, zinatokea wilaya za mkoa huo. Akimaliza kujaza, kitufe kilichokuwa kijivu kinapata rangi na kukubali kubonyezwa.

Yote hayo ni mazuri. Lakini mara nyingi JavaScript huja katika faili lake, na faili hilo lazima lisafiri kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hadi kwenye simu ya mteja. Lisipofika, ukurasa unaonekana mzima kumbe nusu yake imelala.

Si wanaoizima tu

Wapo mafundi wanaosema kuwa siku hizi hakuna mtu anayezima JavaScript kwenye simu yake, hivyo hakuna haja ya kuhangaika. Kauli hiyo ina ukweli kidogo tu.

Mwaka 2013, idara ya Serikali ya Uingereza inayosimamia huduma za mtandaoni, Government Digital Service, ilifanya upimaji kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Ilibainika kuwa asilimia 1.1 ya waliofungua ukurasa huo hawakupata huduma za JavaScript.

Kati ya hao, waliokuwa wameizima au wenye vivinjari visivyoijua kabisa walikuwa asilimia 0.2 tu. Waliobaki, asilimia 0.9, walikuwa na vivinjari vinavyoweza kuiendesha, lakini kwa sababu moja au nyingine haikufanya kazi.

Kwa lugha ya dukani, katika kila wateja 1,000 wanaoingia, 11 wanakuta mlango haufunguki, na tisa kati yao hawakufanya kosa lolote. Hiyo ni Uingereza, nchi yenye mtandao wa kasi. Mfanyabiashara ambaye wateja wake wako mashambani, ambako mtandao husuasua, hana sababu ya kutegemea nafuu kuliko hiyo.

Sababu za kushindwa ni nyingi. Mtandao unaweza kukatika baada ya HTML kufika na kabla ya faili la JavaScript kukamilika. Ofisi nyingine huzuia mafaili ya namna hiyo katika mitandao yao. Programu za kuzuia matangazo zinaweza kuzuia na kisichokuwa tangazo. Simu ya zamani yenye kivinjari cha zamani, yaani programu ya kufungulia kurasa, inaweza isielewe maandishi ya kisasa ya lugha hiyo.

Aidha, kosa moja dogo la uandishi, hata mabano yaliyosahauliwa, linaweza kulifanya faili zima likataliwe na kivinjari.

Pia kuna vivinjari vya kubana matumizi ya bando. Opera Mini, iliyosambazwa duniani kote mwaka 2006, hupitisha kurasa kwenye kompyuta za kampuni yake, zikabanwa huko kabla ya kufika simuni. Katika hali ya kubana sana, JavaScript huendeshwa huko huko kwa muda mfupi, kisha mteja anapewa ukurasa uliokwisha kutayarishwa. Jambo lililotakiwa kutokea papo hapo wakati mteja anaandika linaweza lisitokee.

Kitufe kilichofungwa tangu mwanzo

Turudi kwa mfugaji wetu. Kitufe chake kilikuwa kijivu kwa sababu fundi alikifunga makusudi. Tangu toleo la HTML la mwaka 1997 lipo neno la msimbo, "disabled", ambalo likiwekwa kwenye kitufe au kisanduku linakizima. Hakibonyezeki wala hakijazwi.

Fundi alikusudia kwamba JavaScript iangalie fomu, na ikishajazwa yote, iondoe neno hilo. Nia ilikuwa njema. Lakini kufuli liliwekwa kwenye HTML, ambayo hufika kwanza, na ufunguo ukawekwa kwenye JavaScript, ambayo huenda isifike. Ufunguo usipofika, kufuli linabaki limefungwa.

Dawa yake ni kugeuza mpangilio. Fomu itoke kwenye seva ikiwa wazi, kitufe kikibonyezeka. Anayetaka kufunga kitu na afunge kwa JavaScript yenyewe, baada ya kuwasili. Hivyo kama haikufika, hakuna kilichofungwa na mteja anaendelea na shughuli yake.

Lakini hata JavaScript inapofanya kazi, kitufe cha kijivu si msaada mkubwa. Mteja haelezwi amekosea wapi. Mwongozo wa usanifu wa GOV.UK unashauri vitufe vilivyozimwa viepukwe inapowezekana, kwa kuwa rangi yake hafifu huonekana kwa shida na huwachanganya baadhi ya watumiaji.

Ni afadhali mteja aachwe abonyeze, kisha aelezwe kwa maneno: "Hujaandika namba ya simu." Muuzaji mzuri dukani hafungi mlango kwa sababu mteja amesahau kutaja ukubwa wa mfuko. Anamuuliza.

Baadhi ya mafundi huweka tangazo lisemalo "Tafadhali washa JavaScript", kwa kutumia alama ya HTML iitwayo "noscript". Tangazo hilo huonekana pale tu JavaScript ilipozimwa kwenye kivinjari. Kwa wale tisa katika 1,000, ambao JavaScript yao imewashwa ila faili halikufika au limeharibika, tangazo hilo kwa kawaida halionekani. Tangazo hilo basi halichukui nafasi ya fomu inayofanya kazi.

Kisanduku kilichozimwa hakitumi kitu

Lipo kosa jingine linalowagharimu wauza pembejeo. Tuchukue mfano wa msambazaji wa mbolea aliyekwisha kuandikisha mawakala wake. Wakala akifungua fomu ya oda, kituo chake cha kupokelea, tuseme Morogoro, kinajazwa tayari. Ili asikibadilishe, fundi anakizima kisanduku hicho.

Wakala anaona Morogoro imeandikwa mbele ya macho yake. Anatuma oda. Kwa msambazaji inafika oda ya mifuko 40 isiyo na kituo.

Hakuna aliyekosea kujaza. Kanuni ya HTML ni kwamba kisanduku kilichozimwa hakitumwi pamoja na fomu. Kinaonekana kwenye skrini, lakini hakisafiri.

Kama lengo ni mteja asome bila kubadilisha, lipo neno jingine la msimbo, "readonly". Kisanduku chenye neno hilo husomeka, hakiandikiki, na hutumwa pamoja na vingine. Hata hivyo, linafaa kwa visanduku vya maandishi tu. Halifanyi kazi kwenye orodha za kuchagua wala visanduku vya kutia tiki.

Njia ya uhakika zaidi ni seva isiulizwe jambo inalolijua. Kama wakala ameingia kwa namba yake ya siri, kituo chake kimo kwenye kumbukumbu. Seva ikichukue huko, na kwenye fomu yaonyeshwe maandishi ya kawaida tu ili wakala ahakikishe.

Mkoa na wilaya

Fomu nyingi za kujiandikisha huuliza mkoa, kisha wilaya. Orodha ya wilaya huzimwa hadi mkoa uchaguliwe, halafu JavaScript huijaza. JavaScript ikikosekana, mkulima anachagua mkoa, lakini wilaya inabaki kijivu na tupu. Hawezi kusonga mbele, na kama wilaya ni ya lazima, hajiandikishi.

Njia nyepesi ni kuigawa fomu katika hatua mbili. Ukurasa wa kwanza unauliza mkoa na kuwa na kitufe cha "Endelea". Seva inapokea jibu, inarudisha ukurasa wa pili wenye wilaya za mkoa huo tu. Wenye JavaScript wanaweza kupewa njia ya mkato, lakini barabara kuu ipo kwa wote.

Utaratibu huu wa kujenga kwanza kinachofanya kazi kwa kila mtu, kisha kuongeza urembo kwa wenye uwezo, si mpya. Ulipewa jina na kuenezwa mwaka 2003 na Steven Champeon wa Marekani, na mafundi wengi makini wanaufuata hadi leo.

Bei isiachwe mikononi mwa mteja

Hadi hapa tumeona hasara ya wateja waaminifu wanaozuiwa. Upande wa pili ni wasio waaminifu wanaopita.

Ukaguzi wowote unaofanywa na JavaScript hufanyika kwenye simu au kompyuta ya mteja. Kwa hiyo mteja ndiye mwenye uwezo juu yake. Akiizima, ukaguzi umekwisha. Kisanduku kilichozimwa anaweza kukifungua, na hata kilichofichwa anaweza kukibadilisha, kwa zana zilizomo kwenye kivinjari cha kawaida cha kompyuta.

Mwaka 2000 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Internet Security Systems ya Marekani ilitoa onyo kuhusu programu kadhaa za maduka ya mtandaoni zilizokuwa zikiweka bei ya bidhaa ndani ya fomu. Aliyejua namna ya kuihariri fomu aliweza kujipangia bei.

Hesabu yake ni rahisi. Trei 20 za mayai kwa Sh9,000 ni Sh180,000. Mnunuzi akifuta sifuri moja kwenye bei iliyofichwa, ikawa Sh900, jumla inakuwa Sh18,000. Muuzaji asiyeangalia anapoteza Sh162,000 kwa oda moja.

Kanuni ni moja: fomu ilete aina ya bidhaa na idadi. Bei itoke kwenye kumbukumbu za muuzaji, na jumla ihesabiwe na seva. Jumla anayoonyeshwa mteja na JavaScript ichukuliwe kuwa makadirio.

Vivyo hivyo seva ikague kila kitu upya. Je, idadi ni namba? Je, imezidi sifuri? Je, bidhaa hiyo bado ipo ghalani? HTML ya kisasa, iliyopitishwa rasmi mwaka 2014, inaweza kuhakiki baadhi ya mambo hayo bila JavaScript, kama vile kudai kisanduku kisiachwe wazi. Nayo ni msaada kwa mteja, lakini si ulinzi kwa muuzaji.

Kubonyeza mara mbili

Mtandao unapochelewa, mteja hubonyeza tena. Matokeo yake oda moja huwa mbili, na mtotoleshaji anatayarisha vifaranga 400 badala ya 200.

Mafundi wengi huzuia hilo kwa kukizima kitufe mara tu kinapobonyezwa. Njia hiyo ina kasoro. JavaScript isipokuwepo, haizuii chochote. Ikiwepo na mtandao ukakatika, kitufe kinaweza kubaki kimezimwa na mteja ashindwe kujaribu tena. Kivinjari cha Firefox kinaweza hata kukumbuka kuwa kitufe kilizimwa, ukurasa ukifunguliwa upya kikaonekana bado kimefungwa.

Dawa yake iko kwenye seva. Kila fomu inapotolewa ipewe namba yake ya pekee iliyofichwa ndani, kama namba ya risiti kwenye kitabu. Namba hiyo ikija mara ya kwanza, oda inaandikwa. Ikirudi mara ya pili, seva haiandiki oda mpya, inamwonyesha mteja risiti ile ile.

Baada ya oda kupokelewa, mteja apelekwe kwenye ukurasa mwingine wa risiti. Hapo hata akiufungua upya ukurasa huo, oda haitumwi tena.

Jipimie mwenyewe

Mfanyabiashara hahitaji kuwa mtaalamu ili kuikagua tovuti yake. Kwenye simu ya Android yenye kivinjari cha Chrome, aingie kwenye mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, achague JavaScript na kuizima. Baada ya hapo aifungue tovuti yake kama mteja na kufanya haya:

1. Ajaze oda nzima na kuituma. Je, imefika?

2. Aache kisanduku cha lazima wazi na kutuma. Je, ameelezwa kosa kwa maneno, na je, aliyokwisha kuandika yamebaki au yamefutika yote?

3. Aandike herufi mahali pa namba, au idadi iliyo chini ya sifuri. Je, seva imekataa?

4. Abonyeze kitufe mara mbili haraka. Je, zimeingia oda mbili?

5. Ailinganishe oda iliyofika na alichokiona kwenye skrini, kisanduku kwa kisanduku. Je, kuna kilichopotea njiani?

Akimaliza, asisahau kuiwasha tena JavaScript na kurudia majaribio yote.

Ni kweli kwamba yapo mambo yasiyowezekana bila JavaScript, kama ramani ya kusogeza kwa kidole au baadhi ya mifumo ya malipo. Kwa mambo hayo, oda ihifadhiwe kwanza, kisha mteja apewe namba ya oda na njia nyingine ya kukamilisha, ikiwemo namba ya simu ya dukani. Oda iliyohifadhiwa bila malipo inaweza kufuatiliwa.

Kabla ya kulipa fundi

Mambo haya yote ni rahisi yakiingizwa kwenye makubaliano mapema. Yakigunduliwa baada ya tovuti kukamilika, mara nyingi fomu hulazimika kujengwa upya, na gharama inakuwa ya pili.

Mfanyabiashara aandike kwenye mkataba kuwa fomu ya oda itafanya kazi JavaScript ikiwa imezimwa, kwamba bei na jumla zitatoka kwenye seva, na kwamba oda moja haitaandikwa mara mbili. Malipo ya mwisho yafanyike baada ya majaribio yale matano kufanyika mbele yake, kwa simu yake mwenyewe.

Na mkulima ambaye ni mteja, akikuta kitufe kimegoma, ajaribu kuufungua ukurasa upya, azime hali ya kubana bando, au atumie kivinjari kingine. Kama alikwisha kulipa, asitume tena kabla ya kupata namba ya oda au kumpigia muuzaji.

Akipiga simu, amweleze muuzaji kuwa kitufe hakikufanya kazi. Huenda akawa wa kwanza kumfahamisha.